Vipepeo weupe na wa njano wanapita tu, hawatagi: nipange vipi bustani ya mimea ya asili?

Chipukizi_2

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kupanga bustani ya mimea ya asili kwa ajili ya vipepeo wanaohama. Eneo ni mita 6 kwa 8, udongo tifutifu wenye mfinyanzi kidogo chini, jua kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Upepo karibu wakati wote unatoka upande mmoja. Mvua ni za misimu miwili, masika na vuli.

Mvua zikishaanza, vipepeo weupe na wa njano hupita kwa wingi wakielekea upande uleule, siku kadhaa mfululizo. Wachache wanasimama kwenye maua, kisha wanaendelea na safari. Sijaona mayai wala viwavi. Kwa sasa pana lantana kubwa moja, zinia, na nyasi.

Ninachotaka kujua: nipande mimea gani ya asili ya Afrika Mashariki, mingapi, kwa nafasi gani, na nianze lini ili msimu ujao wapate pa kutaga?

---

Jani_Changa

Karibu, Chipukizi. Kabla ya kuchagua mche hata mmoja, tambua wanaopita ni akina nani, maana kila kundi lina majani yake na halikubali mengine.

Weupe wenye kijani kwa mbali, wakubwa kiasi, wanaoruka kwa kasi na kunyooka, mara nyingi ni Catopsilia florella. Dume ni mweupe, jike anaweza kuwa mweupe au wa njano. Huyu hutaga kwenye jamii ya sena. Weupe wadogo zaidi wenye mishipa ya kahawia iliyokolea kwenye mbawa ni Belenois aurota, nao hutaga kwenye jamii ya Capparaceae: Maerua, Boscia, Cadaba na Capparis. Mara nyingi hawa wawili husafiri pamoja, kwa hiyo mtu huona "weupe na wa njano" akadhani ni aina moja. Wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe ni Danaus chrysippus. Huyo anataka mimea yenye utomvu mweupe kama Gomphocarpus na Pergularia daemia. Kuna pia Vanessa cardui, wa chungwa na madoadoa, ambaye mzunguko wake kati ya Ulaya na Afrika kusini mwa Sahara ni zaidi ya kilomita 12,000 na hukamilishwa na vizazi kadhaa, si kipepeo mmoja. Viwavi wake hula mimea mingi, hasa ya jamii ya alizeti na jamii ya bamia. Ukiacha kona ya magugu ya asili bila kufyeka, unakuwa umemkumbuka.

Sasa kwa nini wanapita bila kutaga? Maua yako yanawapa nekta, yaani nguvu ya safari. Jike hatagi kwenye zinia wala lantana kwa sababu kiwavi wake angekufa njaa pale. Hulitambua jani kwa kuligusa kwa miguu, na kwa Catopsilia jani lenyewe linapaswa kuwa changa. Sena iliyokomaa yenye majani magumu anaipita kana kwamba haipo. Hapo ndipo bustani nyingi hukwama: mmea sahihi upo, lakini siku vipepeo wanapopita hauna chipukizi hata moja.

Kwa eneo lako ningepanga hivi. Upande unakotoka upepo, weka Maerua triphylla 3 kwa nafasi ya mita 2. Ni kichaka cha asili, hakina miiba, kinastahimili ukame, kitakukingia upepo na papo hapo kuwa chakula cha viwavi wa Belenois. Capparis tomentosa nayo inafaa, ila ina miiba iliyopinda na ni sumu kwa mifugo, kwa hiyo kwenye bustani ndogo siipendekezi.

Mbele ya Maerua, palipo na jua la kutosha, weka Senna didymobotrya 4 kwa nafasi ya mita 1.5. Ni ile yenye mashada ya njano yaliyosimama kama mishumaa, na machipukizi ya maua yenye rangi nyeusi-kahawia juu. Ukiiacha hufika mita 3 au zaidi, lakini hutaiacha, nitaeleza.

Gomphocarpus fruticosus, miche 8 kwa sentimita 60. Iweke kundi moja, usiitawanye. Jike anayepita juu hutambua kundi kirahisi kuliko mche mmoja mmoja, na viwavi wakimaliza mche mmoja wanafika kwenye mwingine kwa kutambaa.

Kwa nekta, Pentas lanceolata ndiyo nguzo. Ni ya asili ya ukanda huu, na inachanua karibu mwaka mzima ukiikata vichwa vilivyokauka. Weka 15 kwa sentimita 45. Mrija wa ua lake ni mrefu, kwa hiyo vipepeo wadogo wenye ulimi mfupi wanahitaji kitu kingine: Aspilia mossambicensis chache pembeni, na kivumbasi. Ukipata nafasi, mtukutu (Vernonia amygdalina) mmoja nyuma, uupogoe usizidi mita 2.

Ukijumlisha hayo utatumia kama theluthi mbili ya eneo. Acha iliyobaki wazi, na usijaze kila pengo. Vipepeo wanahitaji jua lifike chini, mawe mawili matatu bapa ya kuotea asubuhi, na njia ya wewe kupita kukagua.

Sasa kupogoa, na hapa ndipo mafanikio yalipo. Wiki 3 hadi 4 kabla ya mvua kutarajiwa, kata sena 2 kati ya 4 hadi kimo cha sentimita 60 hadi 80 kutoka ardhini. Zimwagilie lita 10 hadi 15 kila moja, mara mbili kwa wiki, la sivyo zitakaa kimya mpaka mvua inyeshe. Zitatoa chipukizi nyingi laini ndani ya wiki 2 au 3. Sena 2 zilizobaki usiziguse mpaka mvua zikolee. Zikate wiki 3 hadi 4 baada ya mvua kuanza. Kwa mpango huo una majani machanga kwa karibu miezi miwili mfululizo, na hata mvua ikichelewa hutakosa yote. Msimu unaofuata geuza zamu.

Jambo moja la kuliweka wazi mapema: wengi bado watapita. Kundi linapokuwa safarini huruka mita 1 hadi 3 kutoka ardhini, likikuta ukuta hupanda juu yake badala ya kuuzunguka, na halina haja ya kusimama kila mahali. Kipimo chako kiwe mayai na viwavi, usihesabu waliotua.

---

Kitalu_Hai

Mpango wa Jani_Changa ni mzuri. Naongeza upande wa mbegu na miche, maana mingi ya mimea hii huwezi kuikuta kitaluni.

Sena kwanza. Mbegu ina ganda gumu, ukiipanda hivihivi itaota moja leo na nyingine baada ya miezi. Chemsha maji, yaepue, yasubiri dakika moja hivi, mimina juu ya mbegu kiasi cha mara tano ya ujazo wake, ziache humo mpaka kesho yake. Zilizovimba panda, ambazo hazijavimba kwaruza upande mmoja kwa msasa, mbali na kile kidoa ambako chipukizi hutokea, kisha loweka tena. Panda kina cha sentimita 1, kiriba (mfuko wa kuoteshea) kimoja mbegu mbili, halafu ubakishe mche mmoja wenye nguvu. Huota ndani ya wiki 1 hadi 2. Hamishia shambani ukifika sentimita 25 hadi 30.

Shimo la sena ni sentimita 40 kila upande. Rudisha udongo wa juu ukichanganya na mboji, sehemu 2 za udongo kwa 1 ya mboji. Watu hudhani kwa kuwa sena ni jamii ya mikunde itajirutubishia yenyewe. Sena nyingi hazitengenezi vinundu vya naitrojeni kwenye mizizi, kwa hiyo usiihesabu kama maharage; matandazo ya kila mwaka yanaisaidia.

Gomphocarpus: toa mbegu kwenye ile sufi yake, panda juujuu, funika kwa nusu sentimita tu ya mchanga. Kitalu kiwe na unyevu, kisiwe na matope. Huota kati ya wiki 1 na 3. Tumia kiriba chenye kina cha angalau sentimita 15, maana mzizi mkuu unashuka haraka na ukiukunja mche hudumaa. Uhamishe ungali mdogo, kama sentimita 15, jioni, bila kuvunja udongo wa kiriba. Usiupe samadi nyingi. Naitrojeni ikizidi mmea unakuwa laini na vidukari wa njano wanaujaa. Wala usiumwagilie kila siku. Kwenye mfinyanzi kama huo wako wa chini mizizi inaoza, na dalili ni majani kunyauka huku udongo umelowa. Panda juu ya tuta la sentimita 15 hadi 20. Mmea huu hauishi sana, miaka 2 au 3 hivi, kwa hiyo kila mwaka otesha miche michache ya kurithi nafasi.

Maerua ndiyo inayohitaji subira. Mbegu zake hazikai. Chuma tunda likiwa limeiva, osha nyama yote (ikibaki inaleta ukungu), panda wiki hiyohiyo kwenye kivuli chepesi. Inakua taratibu mwanzoni kwa sababu inajenga mizizi, na ndiyo maana ianze kwanza kabla ya yote. Usiingoje ili upande mingine.

Pentas usihangaike na mbegu. Kata vipandikizi vya sentimita 10 kutoka tawi lisilo na ua, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, funika kwa nailoni angavu kivulini. Mizizi hutoka ndani ya wiki 3 hadi 4. Tafuta ile ya mwituni au iliyo karibu nayo, yenye maua ya waridi hafifu au meupe. Baadhi ya zile zilizozalishwa kwa ajili ya rangi na ufupi zina nekta kidogo.

Kuhusu kupata mbegu: chuma maganda machache tu ya mbegu kwa kila mmea, kutoka mimea kadhaa tofauti, na iwe ya eneo lenye mvua na mwinuko kama wako. Usichimbe miche porini. Ndani ya hifadhi usiguse kitu.

Ratiba: ukitaka kuwa tayari kwa vuli, mbegu za sena na Gomphocarpus ziingie kwenye viriba mvua za masika zinapokatika. Hapo utapanda shambani matone ya kwanza ya vuli yakishuka. Sena utakazopanda vuli hazitahitaji kupogolewa msimu huo, zenyewe ni changa tupu. Kupogoa kwa zamu kunaanza zikishapita kimo cha kiuno.

---

Chipukizi_2

Asanteni sana, wakuu. Maswali mengine. Lantana niing'oe? Vipepeo wanaipenda kuliko zinia. Pia nina mjohoro karibu na uzio. Si ni sena? Na viwavi wakizidi au vidukari wakiingia, nikipuliza maji ya mwarobaini si ni salama kwa kuwa ni ya asili?

---

Mlezi_wa_Viwavi

Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linaloharibu bustani hizi zaidi.

Mwarobaini si salama kwa viwavi. Kiini chake kinawafanya waache kula na kinavuruga kujibadua ngozi kwao, ndiyo maana mkulima wa mboga anautumia. Ukiupuliza kwenye sena umeua ulichokipandia. Dawa za bakteria Bacillus thuringiensis za kuzuia viwavi nazo ni vivyo hivyo, haijalishi kopo limeandikwa zinafaa kilimo hai. Maji ya pilipili na majivu juu ya majani pia acha.

Hatari isiyoonekana ni miche ya kununua. Viuatilifu vinavyopenya ndani ya mmea, kama imidacloprid, hupanda kwenye jani, chavua na nekta na kubaki humo kwa miezi. Mche unapendeza, hauna hata tundu moja, na kiwavi anayeula anakufa siku chache baadaye akiwa amelegea. Muulize mwenye kitalu alitumia nini, si kupuliza tu, hata kuchanganya kwenye udongo. Asipojua, tumia mche huo kwa kivuli au uache. Otesha mwenyewe.

Vidukari kwenye Gomphocarpus watakuja, ni karibu lazima. Wale wa njano yenye miguu myeusi ni Aphis nerii. Wakiwa wachache waache, watakuja ladibedi (mbawakawa wadogo wanaowala) wenyewe. Wakifunika chipukizi, kwanza kagua mayai: ya Danaus ni meupe kama maziwa, moja moja, mara nyingi chini ya jani, yana mistari ya kusimama. Kama hakuna, shika chipukizi kwa mkono mmoja, wafikiche kwa vidole vyenye glavu, kisha suuza kwa maji ya kumwaga. Kama kuna mayai, fikicha pembeni yake tu. Maji ya sabuni hayachagui. Yakimfikia kiwavi mdogo yanamuua.

Nimesema glavu kwa sababu. Utomvu mweupe wa Gomphocarpus una sumu inayogusa moyo, na ukiingia machoni unaleta maumivu makali na kuharibu uoni kwa muda. Usijisugue uso ukiwa unaushika, nawa mikono kwa sabuni, na kama una watoto wadogo au mbuzi, uzungushie. Hiyo sumu ndiyo kiwavi anaihifadhi mwilini ili ndege wamkatae. Sena nayo usiitupie mifugo.

Viwavi "kuzidi": hawazidi, chakula ndicho kinapungua. Gomphocarpus ikibaki vijiti vitupu itachipua tena ndani ya wiki chache ukiimwagilia. Ikiwa viwavi ni wakubwa na majani yameisha, wahamishie kwenye mche mwingine wa jamii hiyohiyo kwa kukata kipande cha tawi walichoshikilia na kukining'iniza pale; usiwabandue kwa vidole, hasa aliyetulia kichwa kikiwa kimeinama, kwa kuwa huyo anajibadua ngozi. Usiwape jani la jamii nyingine ukitumaini watazoea. Hawatazoea.

Viwavi wa Catopsilia ni wa kijani wenye mstari mwepesi ubavuni na vidoa vyeusi, wanalala sambamba na mshipa wa kati wa jani, utawapita kama huangalii vizuri. Wa Belenois hukaa kwa makundi kwa kuwa mayai hutagwa kwa mafungu, na kundi moja linaweza kulimaliza tawi zima. Wa Danaus chrysippus wana pete nyeusi, nyeupe na njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Ukiona kiwavi mweusi aliyelegea akining'inia, au pupa yenye tundu dogo, ni nyigu au nzi wa vimelea, au ugonjwa. Sehemu kubwa ya viwavi hufa porini kwa njia hizo na bustani haiwezi kulizuia, wala haipaswi. Unachoweza ni kupunguza msongamano: miche mingi zaidi, iliyo karibu vya kutosha, na kuondoa maiti ulizoziona.

Sisimizi wanabeba mayai. Senna occidentalis, ambayo wengi huipanda kwa kuwa inajiotea, ina tezi ya sukari kwenye kitako cha kikonyo cha jani na inawaita. Isitoshe asili yake ni Amerika ya kitropiki. Didymobotrya haina tezi hiyo, nayo ni sababu nyingine ya kuichagua.

---

Jani_Changa

Naongeza kuhusu mjohoro na lantana.

Mjohoro ni sena kweli, Senna siamea, lakini asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Kama upo tayari kwenye uzio si lazima uukate, ila usiuongeze. Unayopaswa kuikwepa kabisa ni Senna spectabilis, ya kutoka Amerika ya kitropiki, yenye maua ya njano yanayofunika mti mzima. Imevamia misitu, ikiwemo ya Mahale nchini Tanzania na Budongo nchini Uganda, na inaziba kila kitu chini yake. Kipepeo kutaga juu yake hakuifanyi ifae.

Lantana camara ng'oa, lakini usiing'oe leo. Inatoa nekta, ndiyo, nawe huna mbadala kwa sasa. Panda pentas na aspilia kwanza. Wakati huo lantana ikate vichwa kabla matunda hayajaiva, kwa sababu ndege ndio wanaoisambaza mbali. Pentas zikishachanua, ing'oe pamoja na shina la chini yote. Ukiikata juu tu inachipuka kwa hasira. Kisha pitia pale kila wiki kwa miezi kadhaa, uondoe miche inayoota. Zinia zibaki kama unazipenda, hazina madhara.

Hata didymobotrya, pamoja na kuwa ya asili, hujisambaza sana kwenye ardhi iliyovurugwa. Vuna maganda ya mbegu yanapogeuka kahawia, kabla hayajapasuka. Acha machache ya mbegu zako.

---

Kivumbasi_Mweupe

Kuna mahitaji mawili ambayo hayajatajwa, yote ya madume.

Danaus dume hawakamiliki bila kemikali fulani chungu wanazozinyonya kwenye mimea kama marejea (Crotalaria) na Heliotropium. Wanazitumia kutengeneza harufu ya kumvutia jike. Panda ukanda wa marejea wa mita 3 kwa 1. Ikishatoa maua, ng'oa mashina machache, yaache yanyauke na kukauka juu ya mawe au yafunge kichwa chini kwenye kijiti palipo na jua. Jani linalokauka au lililojeruhiwa linawavuta kuliko lililo hai. Utawaona wakilikwaruza. Chagua marejea ya asili ya huku, na usitumie majani yake kulishia mifugo, kwa kuwa baadhi ya aina ni sumu.

La pili ni matope. Catopsilia na Belenois dume hukusanyika kwenye udongo uliolowa kunyonya chumvichumvi, hasa sodiamu, na hii inaweza kuwasimamisha hata walio safarini. Chukua beseni pana la sentimita 40, lisilozidi kina cha sentimita 8, lizike mpaka ukingo ulingane na ardhi. Jaza mchanga sehemu 3, udongo wa kawaida 1, na konzi moja ya samadi kavu iliyosagwa. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita 10 za maji na tumia hayo kulowesha. Uso uwe na unyevu wa kung'aa bila maji kutuama; yakituama unafuga mbu. Liweke kwenye jua, mita 1 au 2 kutoka kwenye pentas, mbali na kichaka ambamo paka au mjusi anaweza kujificha. Maji ya chumvi yasiende kwenye mizizi. Usiweke vipande vya matunda yaliyooza hapo ukitegemea wahamaji hawa. Wanaopenda hayo ni vipepeo wa msituni, na wewe utapata nzi.

---

Dira_na_Daftari

Chipukizi, kwa kuwa unapitiwa na makundi hayo, yarekodi. C. B. Williams, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikusanya taarifa nyingi za misafara ya vipepeo kwa njia rahisi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya leo.

Chagua mstari wa mita 10 unaokatiza njia yao, kwa mfano kati ya miti miwili au nguzo za uzio. Simama ukiutazama kwa pembe mraba na uelekeo wao. Hesabu wanaouvuka kwa dakika 5, wanaokwenda mbele kando, wanaorudi nyuma kando. Rudia saa tatu, saa sita na saa tisa. Andika uelekeo kwa dira, na andika wanakokwenda, siyo wanakotoka. Kwa upepo desturi ni kinyume: hutajwa unakotoka. Watu wengi huchanganya hapo na rekodi inapoteza maana. Ongeza hali ya mawingu na tarehe ya mvua ya mwisho kubwa. Siku ambayo hawakupita andika sifuri, usiruke.

Piga picha ya aliyetua akiwa amefumba mbawa, upande wa chini uonekane, kwa sababu weupe wengi wanatofautishwa hapo. Ukiweka kwenye iNaturalist (tovuti ya kurekodi viumbe), weka na picha ya kiwavi pamoja na jani analokula.

Rekodi hiyohiyo itakusaidia kupogoa. Ukiwa na tarehe za misimu michache utajua wanafika muda gani baada ya mvua ya kwanza mahali pako, nawe utakata sena kwa kuhesabu kurudi nyuma badala ya kubahatisha.

---

Chipukizi_2

Nimeelewa. Swali la mwisho: siku ya kukata sena zamu ya pili, nikikuta mayai au pupa kwenye matawi ninayotakiwa kuondoa nifanyeje? Na majani makavu chini nifagie?

---

Mlezi_wa_Viwavi

Kagua siku moja kabla, asubuhi, ukianzia kwenye ncha. Yai la Catopsilia ni jeupe, jembamba, limesimama wima juu ya jani changa, na hugeuka njano likikaribia kuanguliwa. Kwa joto la kawaida huanguliwa ndani ya siku 3 hadi 5, kiwavi hula kwa wiki 2 hadi 3, pupa hukaa siku 7 hadi 12. Kwa hiyo tawi lenye mayai liwekee utepe na uliache wiki 5 hadi 6, kata mengine. Sena haidhuriki ikikatwa kwa awamu.

Ukikata tawi lenye pupa kwa bahati mbaya, usiibandue. Punguza tawi libaki sentimita 20, lifunge kwenye kichaka cha Maerua likiwa limeelekea kama lilivyokuwa, kivulini, mahali ambapo kipepeo akitoka atakuwa na nafasi ya kuning'iniza mbawa zikauke. Yenye kijani au njano iko hai. Iliyogeuka kahawia na kuwa nyepesi imekufa au ina vimelea. Ikionyesha rangi ya mbawa kwa ndani inakaribia kutoka, siku moja au mbili, usiisogeze kabisa.

Chini usifagie wakati wa msimu. Majani ya sena yasukume kuzunguka shina yawe matandazo, ukiacha sentimita 10 wazi karibu na gome. Matawi uliyokata yalaze kando kwa wiki 3 kabla ya kuyapeleka kwenye mboji, viwavi wadogo ulioshindwa kuwaona wapate muda wa kutambaa kurudi. Ndiyo sababu lundo hilo liwe karibu na sena ambazo hukuzikata, umbali usizidi mita 1.